JIKO LA KAPERA: Skonzi za nyama na kabichi zilizonitoa kwenye daftari la mama ntilie

Kama kwako ni poa, shukuru. Kwangu mimi mwezi uliopita haukuwa poa hata kidogo, na kwa kuwa kwenye safu hii tulishakubaliana kwamba hatufichani kitu, naanza na aibu yangu kabla sijafika kwenye unga.

Jirani na ofisi ninayofanyia kibarua kuna mama ntilie mmoja. Wali maharage yake, bwana, usiombe. Ana benchi mbili, turubai la bluu, na kaunta buku lenye jalada jekundu ambalo ndani yake tumo karibu nusu ya mtaa. Sasa mwezi huo mshahara ulichelewa. Kwa nini ulichelewa na nani aliuchelewesha sitasema, kibarua changu bado nakipenda. Ninachojua ni kwamba jina langu kwenye lile daftari lilijaza ukurasa, likafungua wa pili, likaanza kuunyemelea wa tatu.

Siku hiyo nimeshanawa, niko kwenye mkao wa kula, mama akaja taratibu akainama karibu na sikio langu. "Baba," akasema, "leo naomba unipunguzie kidogo. Na mimi mchele nakopa."

Hakupiga kelele, wala hakunitangaza mbele za watu. Afadhali angenitangaza, ningejifanya nimekasirika nikapata pa kutokea. Nilimjibu "sawa mama", nikanywa glasi ya maji, nikarudi ofisini na njaa yangu. Kuanzia kesho yake nikawa nazunguka uchochoro wa nyuma ili nisipite mbele ya turubai lake.

Najua unachotaka kuniuliza. Mbona hukubeba chakula kutoka nyumbani? Ndugu yangu, nilijaribu. Siku ya kwanza mchuzi ulimwagika ndani ya daladala, ukamchuruzikia dada mmoja aliyevaa sketi nyeupe, na yale maneno aliyonipa siyo ya kuandikwa gazetini. Siku ya pili nikafika salama, lakini kufungua tu hotpoti, washikaji wakaanza. "Oya, leo mama kakufungia nini?" "Maji ya kunywa umekumbuka, mtoto wa chekechea?" Kapera wa mjini mwenye ndevu zake anakula kwenye hotpoti lenye maua! Siku ya tatu hotpoti lilibaki nyumbani, mimi nikashinda na karanga.

Aliyeniokoa ni dada yangu mkubwa. Dada anaishi Lincoln, mji mkuu wa jimbo la Nebraska, kule katikati ya Marekani ambako watengeneza sinema hawafiki. Kazi yake ni kuwahudumia wazee. Akipiga simu asubuhi kabla hajaingia kazini, huku kwetu jioni imeshaingia. Jioni hiyo akanikuta nimejikunja kitandani, nikamwaga yote, la daftari na la hotpoti. Badala ya kunihurumia akaangua kicheko.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe unaona aibu ya hotpoti? Huku kuna watu walikuja na chakula chao kutoka Urusi, wakachekwa weee, na leo wajukuu wa waliowacheka wanapanga foleni kukinunua."

Hapo nikakaa kitako, kwa sababu kwanza Urusi na Nebraska ni wapi na wapi?

Kisa chenyewe ni hivi. Mwaka 1763 malkia wa Urusi, Katarina wa Pili, ambaye mwenyewe alizaliwa Mjerumani, alitoa tangazo la kuwaalika wageni waje kulima ardhi yake. Aliahidi mambo mazito: ardhi, uhuru wa dini, kusamehewa kodi kwa miaka kadhaa, na kubwa kuliko yote, vijana wao hawatachukuliwa jeshini. Wajerumani waliochoshwa na vita na umaskini kwao wakafunga mizigo. Kati ya 1764 na 1767 maelfu wakafika kwenye mto Volga wakajenga vijiji zaidi ya 100. Wakaishi humo zaidi ya miaka mia moja, wakiongea Kijerumani chao lakini wakijifunza mapishi ya majirani. Warusi wana mkate wao wa kujazwa vitu ndani unaoitwa pirog, na ule mdogo wake pirozhki. Hawa Wajerumani nao wakawa na wa kwao: unga wa hamira, ndani nyama, kitunguu na kabichi. Kabichi lilikuwepo kwa sababu linastahimili baridi na linakaa muda mrefu bila kuharibika.

Halafu ahadi ikavunjwa. Mwaka 1874 ile ruhusa ya kutokwenda jeshini ikafutwa. Wengi wakafunga mizigo tena, safari hii kuvuka bahari: Marekani, Kanada, Argentina, Brazili. Waliofika Marekani wakatawanyika Kansas, Nebraska, Colorado na kwingineko. Pale Lincoln wengi wao walishukia mabondeni, kwenye mitaa ambayo mpaka leo inaitwa North Bottoms na South Bottoms, ardhi ya chini karibu na kijito, mambo yale yale ya Jangwani kwetu. Majira ya joto familia nzima pamoja na watoto walikwenda mashamba ya mbali kupalilia viazisukari. Wenyeji waliwadharau, waliwaita "Warusi" kama tusi, na wao wala siyo Warusi.

Mkate wao ukawa ndio chakula cha shambani. Mtu anatia mkate mfukoni alfajiri, mchana anakaa chini ya mti anakula kwa mkono mmoja, hakuna sahani, hakuna kijiko, wala mchuzi wa kumwagikia sketi ya mtu. Waliobaki kule Volga nao hawakupona: mwaka 1941, vita ilipopamba moto, serikali ya Stalin iliwasomba wote ikawapeleka Siberia na Kazakhstan.

Kansas mkate huu wanauita bierock na mara nyingi wanaufanya wa duara. Nebraska unaitwa runza, wenyewe wanatamka "ranza", nao ni wa mstatili kama boksi la miwani. Colorado utasikia krautburger. Mwaka 1949 mama mmoja wa ukoo huo, Sally Everett, na kaka yake Alex Brening walifungua kibanda pale Lincoln wakauza runza za mapishi ya nyumbani kwao. Kibanda kikazaa mikahawa, jina Runza likasajiliwa kuwa mali ya kampuni, na siku za mechi mkate huu unauzwa kwenye uwanja mkubwa wa chuo kikuu cha Nebraska. Chakula cha watu wa bondeni, jamani!

"Sasa nielekeze," nikamwambia dada. "Shika kalamu," akajibu. Na wewe msomaji shika yako.

Unga wa ngano kilo moja, huu huu wa chapati. Humo tia hamira vijiko vidogo vitatu, sukari vijiko vikubwa vinne, chumvi vijiko vidogo vitatu visivyojaa. Vichanganye vikiwa vikavu. Kisha yai moja, mafuta ya kula nusu kikombe cha chai, halafu maziwa au maji ya uvuguvugu nusu lita, ukiyamimina kidogo kidogo huku unakanda. Uvuguvugu maana yake uchovye kidole usishtuke, maji ya moto yanaua hamira na hapo utaokota matofali. Kanda dakika kumi za haki, siyo dakika kumi za kuchati. Donge likiwa laini na haling'ang'anii vidole tena, lipake mafuta, lifunike kitambaa, liache liumuke mpaka liwe mara mbili. Nebraska wanasubiri saa nzima na zaidi. Kwa joto la Dar dakika arobaini na tano zinatosha.

Donge likiwa limelala, geukia nyama. Nyama ya kusaga robo tatu kilo, vitunguu maji vikubwa vitatu, kabichi dogo la kilo moja hivi lililokatwakatwa vidogo kabisa. Nyama itangulie kwenye sufuria bila mafuta, itatoa yake yenyewe. Ikikauka maji tia vitunguu, vikilainika tia kabichi, chumvi na pilipili manga kijiko kidogo na nusu. Basi. Mkono wako utawasha kuongeza nyanya, hoho, binzari na vidonge vya mchuzi, uzuie. Utamu wa kitu hiki unatoka kwenye kitunguu na kabichi lililopikwa polepole likapoteza ukali wake. Usifunike sufuria. Narudia kwa sababu hapa ndipo nilipoumbuka: usifunike sufuria.

Mimi nilifunika. Kabichi la Lushoto, nakwambia, ni kisima. Likatoa maji, mfuniko ukayarudisha, nikapata supu. Na kwa njaa niliyokuwa nayo sikungoja hata ipoe. Nikasukuma donge, nikachota kile kimchuzi cha moto, nikafunga, nikaona nimemaliza. Moto wa ndani ukalegeza unga kama karatasi iliyonyeshewa. Zikapasuka chini, mchuzi ukamwagika kwenye sufuria, ukaungua, ukanuka mpaka mama mwenye nyumba akatoka kuuliza kama nimechoma godoro. Skonzi kumi na sita, zilizosimama ni tatu, na hizo tatu katikati mbichi. Robo tatu kilo ya nyama ya kukopa imekwenda na maji. Usiku huo nilikaa kwenye ndoo nikatafakari maisha.

Dada aliponipigia kesho yake hata hakushangaa. Alisema wazee wote kule wanaimba wimbo mmoja: vya ndani viwe vikavu na viwe vya baridi. Pika sufuria ikiwa wazi mpaka ukiburuza mwiko chini huoni maji yakifuata nyuma yake. Kisha mimina kwenye chujio, yachuruzike yaliyobaki, tandaza kwenye sinia mpaka ipoe kabisa, uiguse isiwe hata vuguvugu. Ukiharakisha hapa, rudi kwenye ndoo yangu, tukae wote.

Mara ya pili nikafuata neno kwa neno. Donge likagawanyika vipande kumi na sita, kila kimoja kama chungwa dogo. Sukuma kipande kiwe na ukubwa wa kisahani cha chai. Mimi nilitumia chupa tupu ya soda, kapera hana kisukumio. Ujanja ni huu: katikati acha pawe panene kidogo, kingo ziwe nyembamba, maana kingo zitakutana na kubebana zote mahali pamoja. Chota vijiko vikubwa vinne au vitano vya nyama, weka katikati. Vuta pande nne zikutane juu, zifinye kwa nguvu kama unafunga mdomo wa gunia, halafu geuza, ule mfinyo ulale chini. Ukitaka ya Kansas iviringe iwe duara. Ukitaka ya Nebraska ivute iwe ndefu. Kingo zikishika mafuta ya nyama hazitashikana, kwa hiyo futa vidole kila mara. Ziache zipumzike dakika kumi na tano, zipake maziwa juu.

Mwenye oveni aweke nyuzi 190 za Selsiasi, dakika ishirini mpaka ishirini na tano, ziwe na rangi ya kahawia ya maandazi yaliyoiva. Sisi wengine tunajuana. Sufuria pana na nzito, ipake mafuta, panga tano au sita zenye nafasi kati yake. Chini mkaa kidogo sana, juu ya mfuniko mkaa mwingi, kama unavyopalia keki. Baada ya dakika ishirini na tano chungulia, inua moja uone chini yake. Kwa kuwa utaoka awamu tatu, donge linalosubiri liweke mahali pa baridi na lisifungwe nyama kabla ya zamu yake. Na tafadhali, jiko la mkaa likae nje, barazani. Usiliingize chumbani ukafunga mlango eti mvua inanyesha. Ile hewa yake mbaya haina harufu, na imeshaua watu wakiwa usingizini.

Zilipotoka nikazipaka siagi kidogo juu. Nikapasua ya kwanza nikiwa nimesimama. Mvuke ukatoka, kabichi limekuwa tamu, nyama imejitosheleza, unga laini kama mkate wa sikukuu. Nilikula mbili nikashiba. Siyo kama sambusa, ambayo unakula sita ndipo unakumbuka kwamba hujala chakula.

Sasa hesabu. Bei za sokoni sikuandikii, zinabadilika kabla gazeti halijakauka wino. Kumi na sita, toa mbili za majaribio, zinabaki kumi na nne. Mbili kwa mchana mmoja, ni siku saba za kazi. Lakini zina nyama, na Dar ina joto, huwezi kuzitunza mezani wala kuzitembeza kwenye begi tangu alfajiri. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba, yule mwenye friza la kuuzia barafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo hujachoma godoro?"

Nikampa mbili za kodi ya friza. Sikumpa za kazini, nilizikata kwenye hesabu yangu, zikabaki siku sita. Kila asubuhi natoa mbili zimeganda kama jiwe, nazifunga kwenye karatasi ya khaki, natia kwenye begi. Usifungie gazeti hili hata kama unalipenda, wino hauliwi. Mpaka saa saba zimeshayeyuka, ila bado zina ubaridi.

Siku ya kwanza nilikula zikiwa za baridi, mezani kwangu, nimegeukia ukuta. Wale wale wa hotpoti wakapita. Hakuna aliyecheka. Mtu mwenye skonzi kwenye karatasi haonekani kama kafungiwa na mama, anaonekana kama kanunua mahali fulani. Mmoja akauliza, "Hiyo umeitoa mgahawa gani?" Nikamjibu Nebraska. Akatikisa kichwa kama anapajua!

Lakini siku ya tatu nikachoka kula ubaridi, na nikachoka zaidi na ule uchochoro wa nyuma. Mshahara ulikuwa bado, ila zile hela ambazo ningetumia kwa chakula cha siku tatu nilikuwa nazo mfukoni. Nikapita barabara ya mbele.

"Shikamoo mama."

Akanitazama. "Marahaba baba. Nilidhani umehama mji."

Nikampa zile hela. Hazikufika hata robo ya deni. Akazihesabu, akafungua kaunta buku, akakata mistari mitatu kwa kalamu nyekundu, taratibu, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikiwa nimesimama. Halafu nikajikakamua nikamwomba kitu ambacho mwenyewe nilikiona ni ufedhuli: nipashie mikate yangu kwenye jiko lako. Yaani mdaiwa anakuja na chakula chake kwenye biashara ya mdai wake!

Akaichukua bila neno. Akaweka kikaango kikavu jikoni, akailaza, akaifunika sinia, akaigeuza mara mbili kwa vidole vitupu. Harufu ya siagi na kitunguu ikaanza kutembea. Mzee mmoja kwenye benchi aliyekuwa anakula ugali akageuza shingo.

Nikamega nusu nikampa mama. Akala akiwa amesimama, akitazama barabarani, kama mtu anayesikiliza redio.

"Unga mzuri," akasema. "Nyama imepooza. Ungetia pilipili mbuzi moja tu, iliyopondwa." Akatafuna tena. "Na kabichi ungelikausha zaidi kidogo. Hizi wanakula wapi?"

Nikamsimulia habari za Volga, za wale watu wa bondeni, za viazisukari. Alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka popote.

"Unatoa ngapi kwa kilo moja ya unga?"

"Kumi na sita, mama."

Akafuta mikono kwenye kanga yake, akafungua kaunta buku ukurasa ule ule wangu, upande wa kulia ambao ulikuwa mtupu, akaandika 16. Akanitazama.

"Jumatatu niletee. Za pilipili. Nauza mimi, nusu yako inakata huku kushoto."

Leo ninapoandika ni Jumapili jioni. Donge liko barazani limefunikwa kanga, kabichi liko kwenye chujio tangu saa tisa, na sijaligusa.